Kikohozi Chako Mbele ya Mgeni Rasmi

Mtani,

Shikamoo. Najua hukuitika. Hapo ulipo umesema, "Leo Msukuma kaniamkia, basi ng'ombe wake wamepotea." Hawajapotea, mtani. Mwenye kupotea ni mimi.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, ile ya mlangoni, ambayo tangu ufariki naikalia kwa kukaimu. Ni Jumamosi, mvua imeanza asubuhi na haina dalili ya kukatika, na maktabani wamo wanafunzi wachache waliokuja kuchaji simu huku wamefungua vitabu mbele yao kama kinga. Nimewaacha. Wewe ungewafukuza kwa majina ya baba zao.

Nina aibu. Nalisema mapema kwa sababu najijua, nikianza kukutania nitajificha humo na barua itaisha bila kusema lililonileta. Nimekuaibisha, nimemuumiza binti yako Zuhura mbele za watu, na hadi leo sijajua kama nilichokifanya kilikuwa haki yako au kilikuwa upuuzi wangu. Nadhani nimeanza kujua. Ndiyo maana inaniuma.

Nianze na habari njema, uliyoingoja. Wiki ya Maktaba imefanyika. Ile uliyokuwa ukiiombea fedha kila mwaka na kila mwaka ukijibiwa kwamba wazo ni zuri. Imefanyika mwanzoni mwa muhula huu wa mvua, vilevile ulivyoipanga kabla hujaugua. Paneli za sola zipo juu ya paa, umeme ukikatika hatutimuani tena. Vishikwambi vimekuja, vipya, bado vina nailoni, na wanafunzi wanasoma humo majarida ambayo mimi na wewe tulikuwa tunayaona majina tu kwenye marejeo ya watu. Pale ulipokuwa umerundika viti vibovu sasa kuna kona yenye meza ya duara na vitabu vya maandishi makubwa kwa wenye macho mabovu kama yako. Ukutani wameandika Kona ya Mama Zuhura. Herufi ya kwanza imepinda kidogo. Fundi nilimwambia, akasema ukisimama mbali haionekani.

Na warsha zako zote zimeenda. Ya kutafuta vyanzo, ya kuandika marejeo, ya barua za maombi ya kazi. Ile ya akili mnemba ilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni, kila mmoja akitaka kujua namna ya kuandikiwa kazi bila mwalimu kugundua, nami niko pale mbele nafundisha namna ya kuandika mwenyewe. Ungewachamba wewe. Mimi niliwabembeleza, wakasinzia.

Sasa nije kwenye siku ya ufunguzi.

Unakumbuka tulivyoanza. Nimeletwa hapa kuwa msaidizi wako, nimevaa tai, ukaniuliza kabila langu kabla ya jina. Nikasema Msukuma wa Kishapu. Ukafunua hotpoti yangu, ukachukua kipande cha kuku kilicho kikubwa, ukala umenitazama usoni. "Mimi Mzaramo wa Kisarawe," ukasema. "Babu zako walipokuja pwani wamebeba pembe za ndovu za watu walilala barazani kwa babu zangu. Hii ni kodi." Nikakujibu kwamba baraza hiyo babu zako walikwisha kuiuza wakachezea ngoma. Ukacheka hadi miwani ikakuanguka kifuani kwenye ile kamba yake. Kuanzia siku hiyo hatukuwahi kuongea kama watu wenye adabu. Wageni walidhani tunachukiana. Mkuu wa chuo aliwahi kuniita kuniuliza kama nataka kuhamishwa idara.

Ulipougua ukaenda kwa Zuhura Dar kutibiwa. Ukafia huko, ukazikwa Kisarawe siku hiyohiyo kama dini yako inavyotaka. Nilipopata simu mimi niko hapa Geita, hata ningeota mabawa nisingewahi. Nilipoongea na Zuhura baada ya matanga nilimuuliza jambo moja tu, kama alikuwepo mtani kaburini. Akasema hakuna, Wasukuma na Wanyamwezi wa mtaani kwao walikuwa makazini, watu waliomba dua wakatawanyika. Basi nikajua umezikwa kimya. Hakuna aliyekuigiza unavyotembea. Hakuna aliyelala njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Wewe, uliyekuwa ukiniambia, "Shija, nikifa usilie, nitukane, watu wacheke, niende nimechangamka." Hilo lilinikaa rohoni tangu hapo. Nililiona kama deni la heshima, na aliyelibeba ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo waliponipa nafasi siku ya ufunguzi, nisome taarifa ya huduma mpya, mimi nikaamua nitakufanyia utani wa msiba hapohapo. Niliwaambia wapishi wa kantini. Niliwaambia wanafunzi wa mwaka wa pili. Hata mlinzi wa getini alijua. Zuhura nilimwona asubuhi amefika na basi, amekaa mstari wa mbele na buibui lake jeusi, pembeni ya mkuu wa chuo, na mapajani ana fremu ya picha yako ya kutundika kwenye kona. Yeye sikumwambia. Nilijiambia mtani haombi ruhusa. Ni kweli haombi. Lakini nikijichunguza, sikumwambia kwa sababu niliogopa angekataa.

Mshereheshaji akaniita. Nikaenda nyuma ya rafu za jiolojia, nikajifunga kanga yako, ile uliyoiacha kwenye mgongo wa kiti, nikavaa miwani yako na kamba yake, nikatoka nikiburuza ndala kama wewe. Ukumbi ukalipuka. Niliwapita walimu mmoja mmoja nikiwanusa vidole, kama ulivyowanusa wanafunzi mlangoni. "Umekula muhogo wewe. Kanawe. Kitabu hakitaki chumvi." Nikamnusa mgeni rasmi. Alikuwa mtu mzito kutoka huko Kaskazini, mwenye suti, hajui habari zetu, akarudisha mkono mfukoni. Wapishi kule nyuma walikuwa wanalia kwa kicheko. Mama Kabula wa kantini akapiga kigelegele. Nikasema, "Mimi Mzaramo, kiwanja changu cha kaburi nilishakiuza, ndiyo maana nimerudi hapa, nitalala kwenye meza ya duara." Nikapanda nikalala, nimekunja mikono kifuani. Nikasema siondoki mpaka mkuu wa chuo aniletee kiti kisichonesa, kile ulichomdai miaka yote.

Mpaka hapo nilikuwa na wewe, mtani. Naapa. Nilikuwa nakusikia mwilini mwangu unavyocheka.

Kisha nikakohoa.

Kile kikohozi chako cha mwisho. Kinachoanza chini kabisa, kinapanda, kinakwama, kisha kile kifilimbi kidogo unapovuta pumzi. Nilikipatia. Nani angekipatia kama mimi? Ni mimi niliyekuwa nakuletea maji ya uvuguvugu nyuma ya rafu, ulikokwenda kukohoa ili wanafunzi wasikusikie. Watu wakacheka zaidi ya mwanzo. Nikainua kichwa, nikamwona Zuhura amesimama. Ameiweka picha kwenye kiti. Anapita katikati ya viti, buibui likanasa kwenye msumari wa kiti kimoja, akalivuta, likachanika, akaendelea kwenda.

Na mimi nikakohoa tena.

Hapo ndipo barua hii inaponiwia ngumu. Nilimwona. Nilijua ni nani na anatoka kwa nini. Lakini ukumbi ulikuwa bado unacheka, nami nilikuwa sijawahi kuchekewa na watu wengi vile maishani mwangu, nikataka mara moja zaidi. Wakati ule sikuwa mtani wako. Nilikuwa mtu aliyenogewa.

Kilichofuata hakina maana sana. Mgeni rasmi alikata utepe bila kutoa hotuba yote. Mkuu wa chuo aliniita ofisini, hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Alisema, "Shija, utani una mahali pake," akaniambia niandike barua ya kuomba radhi kwa mgeni. Nikaandika. Ile ilikuwa rahisi, ina mtindo wake, unajaza tu.

Mama Kabula alinisubiri kantini na sahani imejaa. "Umemfanyia haki yake marehemu," akasema. "Huyo binti ndiye hajui mila. Kasoma mno." Wengine wakaitikia. Nikala ugali wao, na kila tonge lilivyoteremka nilizidi kujiona mdogo, kwa sababu ili mimi niwe msafi ilibidi Zuhura awe mshamba wa mila zake mwenyewe. Nikawaacha waamini hivyo. Siku nzima niliwaacha.

Nilisikia Zuhura hajaondoka, yuko Kalangalala kwenye vile vyumba vyako viwili, anafungasha vitu. Ni mwendo mfupi kutoka hapa. Sikwenda. Nilikuwa na warsha, nilijiambia. Kuna kuweka viti, kuna kuhesabu vishikwambi, kuna wageni.

Siku ya warsha ya mikataba ndiyo iliyonivua hicho kisingizio. Wale akina mama wa Rwamgasa wanaoponda mawe kwenye machimbo walikuja wote, wamevaa vizuri, wamekodi gari dogo la mizigo na turubai juu. Uliwaahidi mwaka jana kwamba utawasomesha karatasi wanazopewa na wenye maduara, yale mashimo wanakochimba waume zao, kabla hawajaziweka kidole gumba. Mwalimu wa sheria aliendesha, na aliendesha vizuri. Lakini kabla hajaanza, yule mzee wao mrefu, Mama Ndalahwa, akauliza, "Yuko wapi yule mayu, yule mama mkali wa mlangoni?" Nikasema amefariki. Wakashika vichwa. Mama Ndalahwa akaniuliza kwa Kisukuma kabila lako, nikamwambia Mzaramo. Akanitazama. "Basi wewe ndiye mtani wake. Ulimfanyia?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Wabeja, mwanangu. Umefanya jambo la maana." Wote wakanishukuru. Mtani, nilikwenda chooni nikafunga mlango nikakaa humo hadi mwalimu akatuma mtu kuniita.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikaenda Kalangalala.

Njiani nilibishana na wewe. Nilikwambia siwezi kuomba msamaha. Unajua kanuni. Mtani akiomba msamaha amekiri kwamba hakuwa anatania, alikuwa anatukana. Nikisema nisamehe, basi nimefuta kila kitu, kuanzia kile kipande cha kuku. Nilipanga nifike nimwanzie Zuhura maneno, nimwambie buibui lake limechanika kwa sababu Wazaramo hununua nguo za mnada, anitukane, yaishe. Nililipanga lote. Nilipofika alikuwa amekaa kibarazani kwenye kindoo kilichopinduliwa, anafunga vitabu vyako kwa kamba ya katani. Amelishona lile buibui kwa uzi mweupe, nadhani ndio aliokuta ndani. Niliuona ule uzi mweupe na maneno yangu yote yakaniishia.

Nikachuchumaa. Nikasema, "Zuhura, nisamehe."

Aliinuka akaniletea kiti. Akaniletea chai ya tangawizi na maandazi. Akakaa. Akasema kwa upole kabisa, "Nimekusamehe, kaka Shija."

Kaka Shija. Wewe uliniita mpagazi, mchunga ng'ombe, kichwa maji, mla michembe, na siku moja mbele ya wakaguzi uliniita mzigo wa serikali. Hukuwahi kuniita kwa heshima hata mara moja, na nilikuwa natembea kwako kote kama mtoto wa nyumbani. Binti yako ameniita kaka, akanipa andazi kwenye kisahani, na nikajua nimesimamishwa nje ya mlango kwa adabu.

Nikanywa chai. Zuhura akasema mwenyewe, bila hasira, huku anakaza fundo la kamba.

"Watu wenu wanasema mimi sijui mila. Naijua. Nimekulia nayo, mlivyokuwa mnatukanana na mama mpaka nilikuwa naona aibu kuleta marafiki zangu. Ungekuja kaburini ukakohoa vile ningecheka. Ningelia na ningecheka. Mama mwenyewe angetaka." Akavuta kitabu kingine. "Lakini pale hakuna aliyekuwa anamlilia mama. Walikuwa wanakushangilia wewe. Na mimi kile kikohozi nimekilalia pembeni, kaka Shija. Kilikuwa kikinyamaza naamka."

Lilikuwa kweli lote, halina pa kushika. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na wewe mpaka nilipokohoa, kwamba mwanzo ulikuwa safi. Nikaona huo nao ni utetezi. Nikaliacha.

Akaniambia vitabu vile ni vya maktaba. Vyote. Uliacha maneno kwamba viende kwenye kona yenye kiti kisichonesa. Nilitazama chini. Alikuwa anakunukuu, hakuwa anatania, lakini mdomo wake ulipinda upande mmoja kama wako, na sijui kama alijua.

Tukavipakia kwenye bajaji. Kabla sijapanda nikamuuliza nitalijuaje kaburi lako, maana nikija Kisarawe sitaki kwenda kumtukana mtu nisiyemjua. Ilinitoka tu. Nikaogopa hapohapo. Zuhura alinitazama muda, hakucheka.

"Nitakupeleka," akasema. "Muhula ukifungwa, nipigie. Ila ukianza mambo yako mimi nitakaa kando."

Kisha dereva alipowasha, akaongeza, "Kando karibu. Nisikie."

Basi, mtani, ndiyo hali. Vitabu vyako viko hapa mbele yangu vinanuka udi na mafuta ya nazi, na nimeanza kuvipiga muhuri. Picha nimeitundika mwenyewe. Kanga nimeifua, nimeikunja, nimempelekea Zuhura, ni yake. Mama Kabula nimemwambia wazi mbele ya wenzake kwamba nilikosea na kwamba binti hana kosa. Amenikasirikia, ananipa ugali mdogo siku hizi. Mama Ndalahwa bado sijamwambia. Wanarudi kwa warsha nyingine kabla ya mwezi kuisha, nitamwambia uso kwa uso, na ombi langu ni ujasiri, kwa sababu yule mama anamtazama mtu kama ulivyokuwa ukitazama wewe.

Aibu haijaniondoka na sikuandika ili iniondoke. Nikikaa hapa mlangoni wanafunzi wanaingia wakinitazama wananikumbuka mezani nimelala, wanatabasamu, wengine wananiomba nikohoe. Nawaambia waonyeshe mikono. Wananyoosha. Nawanusa kweli, bila mzaha, na walio na chumvi nawarudisha bombani.

Muhula ukifungwa nitapanda basi la Dar, kisha Kisarawe. Hakutakuwa na mgeni rasmi wala kipaza sauti. Nitasimama pale na nguo zangu mwenyewe, niseme kuhusu viwanja mlivyouza, na pilau lako lililokuwa likiungua kila Idi, na ndala zako, na ulivyokuwa unaniibia nyama. Nitasema kwa sauti ya mtu mmoja anayeongea na mtu mmoja. Kukohoa sitakohoa. Kile si changu kukitania. Na kama Zuhura kule kando aliko hatacheka, sitaongeza neno, nitaitikia dua yake na kurudi zangu Geita nikiwa kaka Shija, na nitalikubali.

Pumzika, mtani. Naomba tu Zuhura akicheka, asicheke kwa kunihurumia.

Mpagazi wako,
Shija